Mume Wangu Alivyobatizwa kwenye Maji ya Karoti

Mume wangu ni mtu wa Gairo, na mtu wa Gairo hafundishwi thamani ya maji. Alikulia kwenye nyumba ambayo maji yaliyonawisha uso yalinawisha na miguu, kisha yakapelekwa kwenye mche wa mpapai, na mtoto aliyemwaga mengine njiani alijieleza. Alibatizwa akiwa mchanga, katika kanisa la bibi yake, na kasisi aliyechovya vidole akamdondoshea utosini. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alilichukulia jambo hilo kuwa limekwisha.

"Gairo ile tone lilikuwa karamu," aliwahi kuniambia. "Maji ya kifuu, bahari ya chungu."

Kanisa letu la hapa Morogoro mjini halikubaliani na vifuu. Sisi ni watu wa kuzamisha, na mtu asiyezama hajaingia. Mume wangu alikuja nami kila Jumapili, alitoa sadaka, alipigilia misumari mabenchi yaliyolegea, na mvua ilipoezua bati la upande wa kwaya ni yeye aliyepanda juu. Lakini kwenye hesabu za kanisa alikuwa mgeni. Kila Jumapili wageni walipoombwa wasimame, shemasi mmoja alimtazama kwa upole, naye akasimama, tukampigia makofi ya kumkaribisha. Mtu yuleyule aliyeezeka paa la juu ya vichwa vyetu alikaribishwa kwa makofi mwaka baada ya mwaka, naye akainamisha kichwa kushukuru kama kwamba amefika jana na basi la Dodoma.

Kisha tukaletewa mchungaji mpya kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana, viatu vyake vilimetameta, na kipaza sauti chake hakukishika mkononi bali kilining'inia sikioni kama hereni. Alitangaza kwamba ataanza somo refu la maji katika Maandiko, kuanzia mwanzo wa dunia mpaka mwisho wake.

Sitamsema vibaya hapo. Somo alilijua. Alianza na giza lile la kwanza, Roho akitulia juu ya maji kabla hakujakuwa na kitu. Akaja kwenye gharika, akasema maji yaliyoiinua safina ndiyo hayohayo yaliyowazamisha waliobaki nje. Akaja kwenye bahari iliyowapasukia wana wa Israeli njia, kisha ikawafunika farasi wa Farao. "Maji ya Biblia yana mikono miwili," alisema. "Mmoja unazaa, mwingine unaua. Na ubatizo ni mikono yote miwili kwa pamoja. Unakwenda chini kuzikwa, unatoka juu umezaliwa." Nilipata ubaridi mgongoni. Hata mume wangu, ambaye mahubiri marefu humpeleka usingizini, alikaa wima.

Tatizo ni kwamba somo la maji lilianguka katikati ya kiangazi kikali. Mlima tunauona. Unatuangalia kutoka juu na mawingu yake shingoni, vijito vikitiririka kila upande, na sisi chini yake bomba la mtaani linatoa upepo. Kanisa lilikuwa na tangi la chini la akiba. Kwa hiyo washirika wakaanza kuja ibadani na ndoo. Mchungaji alipofika kwenye mwamba uliopigwa jangwani ukatoa maji, dada aliyekaa karibu nami aliniinamia na kuniuliza kwa kunong'ona kama tangi la kanisa bado lina kitu. Alipofika kwa yule mwanamke Msamaria kisimani, foleni ya ndoo nje ilikuwa ndefu kuliko foleni ya maombezi ndani.

Mchungaji alikasirika. "Mimi nawapa maji ya uzima, nyie mnawaza madumu!"

Mama mmoja wa kwaya, mtu mzima, alimjibu taratibu. "Baba mchungaji, hata yule Msamaria alikwenda na mtungi."

"Akauacha!" Mchungaji alinyanyua kidole. "Maandiko yanasema aliuacha mtungi wake!"

"Aliuacha kwa sababu kisima kilikuwa na maji, baba. Alijua atarudi."

Kanisa liliitikia amina, na haikueleweka ni ya upande gani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyeambiwa akajichovye Yordani akaudharau mto kwa kuwa kwao ilikuwepo mito mizuri zaidi. Mchungaji aliposhuka kwenye madhabahu nikajua tumekwisha. Alitembea katikati ya mabenchi mpaka usawa wa mume wangu. "Hata humu ndani," alisema, "kuna jemadari anayeidharau Yordani." Kanisa zima likageuka. Mume wangu naye akageuka, akatazama nyuma yake, amwone huyo jemadari.

Kilichomshinda, hata hivyo, hakikuwa mchungaji. Binti yetu wa mwisho, aliyebatizwa Pasaka, alimwuliza jioni hiyo akimenya ndizi, "Baba, kwa nini wewe unasimama na wageni?" Alikwenda uani akazunguka ule mpapai wetu, maana mpapai aliupanda hata huku, na aliporudi aliniambia, "Nitaingia darasa."

Darasa la ubatizo lilikuwa Jumamosi alasiri, na mimi nilikuwa nikisaidia kupanga viti na kugawa chai. Siku ya kwanza mchungaji aliuliza kila mmoja maana ya maji kwake. Kijana wa bodaboda alisema utakaso. Dada mmoja alisema Roho. Mama wa mbogamboga alisema uzima. Mchungaji akafurahi, mambo yanakwenda.

Zamu ya mume wangu ilipofika, akasema, "Kwetu kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu. Tulikuwa tunafukua mchanga, unachimba mpaka kiunoni, maji yanajikusanya taratibu, unachota kwa kata. Siku hiyo nilikuwa na kaka yangu. Yeye ndani ya shimo, mimi juu napokea. Mbingu nyeupe, jua kali. Kumbe mvua imenyesha mbali huko milimani. Tulisikia kama lori linakuja. Mimi nilikimbia. Yeye alikuwa ndani ya shimo." Alitazama viganja vyake. "Alikuwa amekwenda kutafuta maji, na maji yakamjia. Kwa hiyo sijui, mchungaji. Maana ya maji kwangu sijui."

Nilikuwa nimesimama na birika. Nimeishi na mtu huyu, nimemzalia watoto, nimezika naye wazazi wake, na sikuwahi kusikia habari za korongo. Nilijua ana kaka aliyefariki utotoni. Niliambiwa ni homa.

Mchungaji aliyetufundisha mikono miwili ya maji, mmoja wa kuzaa na mwingine wa kuua, alitikisa kichwa. "Amina," alisema. "Mungu ni mwema kila wakati. Anayefuata?"

Nilimimina chai nje ya kikombe.

Usiku ule hatukulizungumza, wala siku zilizofuata. Nilijaribu mara moja, akaniambia, "Nimeshasema, mama watoto," nikamwacha. Lakini darasa hakuliacha.

Ikabaki kutafuta mahali. Kisima cha ubatizo nyuma ya kanisa kilikuwa kimepasuka, na hata kingekuwa kizima hakuna mshirika ambaye angekubali maji yote yale yaogeshewe watu huku ndoo yake inangoja. Tukaenda sokoni na mchungaji kuulizia tangi kubwa la plastiki tulikate mdomo. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi ambaye hata babu yake alizaliwa mji huuhuu, na mume wangu anafahamiana naye kwa biashara ya karanga. Alitusikiliza huku akipima tangi kwa macho, kisha akampima mume wangu.

"Mnamzamisha mwili wote? Mtu mzima hivi? Kiangazi hiki?"

"Wote," alisema mchungaji.

"Sisi maji yakikosekana tunatayamamu. Unapiga viganja kwenye udongo safi, unapaka uso na mikono. Mungu anaelewa."

Mume wangu alimgeukia mchungaji na matumaini ambayo sikuwahi kuyaona usoni pake. "Mchungaji, udongo wa Gairo naweza kuleta hata gunia."

Mchungaji hakucheka. Alitutoa dukani, akasema hatutabatiza kwenye plastiki wala kwenye udongo. Yohana alibatiza mahali penye maji mengi, nasi tutakwenda penye maji mengi. Alikuwa ameona picha kwenye simu: maporomoko huko juu Mgeta, maji meupe kama maziwa, majani pembeni. Zingetoka picha nzuri. Dada wa matangazo, anayerusha ibada mtandaoni, aliambiwa achaji simu zote.

Tulipanda Mgeta kwa basi dogo la kukodi, kwaya ikiimba tangu mjini. Barabara ilipoanza kupinda kandokando ya mabonde, wengine walifumba macho kwa kuogopa kina. Mume wangu alitazama mabonde bila wasiwasi wowote. Yeye alikuwa anasikiliza. Kila tulipokatiza kijito alishika kiti cha mbele yake mpaka tukavuka.

Tuliposhuka tukaanza kupanda njia ya miguu, na kabla hatujafika kwenye maporomoko tulikutana na mama mmoja amekaa juu ya jiwe, mtandio kichwani, simu mkononi. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Alikuwa ameshapata habari zetu. Watu wenye majoho meupe hawajifichi mlimani.

"Shikamoo, mama," alisema mchungaji.

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kubatiza, mama. Hapo kwenye maporomoko."

"Hapo ndipo tunapochota. Chini yetu wanachota wengine, na mwisho wa safari mnakunywa nyinyi wa mjini." Alivuta maneno kwa lafudhi ya mlimani, bila haraka. "Sasa hayo maji si ndiyo yanaosha dhambi?"

"Ndiyo, mama."

"Zikishatoka zinakwenda wapi?"

Mchungaji alifungua mdomo. Nilimwonea huruma, darasani tulikuwa hatujafika hapo. "Zinatupwa kilindini," alisema hatimaye.

"Hapa hakuna kilindi, mwanangu. Maji yanafika magotini."

"Ni ishara, mama. Haziingii kwenye maji kweli."

"Kama ni ishara, nendeni mkaifanyie chini ya chanzo. Ishara haitajua."

Mimi, kwa kutaka kumsaidia mchungaji, nilionyesha juu kidogo ya pale, ambapo mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa katikati ya kijito akisuuza bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Nikauliza kama na ile ni ishara. Mama mwenyekiti alitazama, akashusha mtandio kidogo. "Yule ni shemeji yangu," alisema. "Haambiliki." Kisha akasimama kutuonyesha njia ya kushuka.

Mahali tulipopewa palikuwa bwawa dogo chini ya kijiji, pale wanapooshea karoti kabla ya kuzipakia malori ya Dar es Salaam. Karoti hutiwa kwenye magunia, vijana wakazikanyaga ndani ya maji mpaka udongo utoke. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na majani ya karoti yameelea kila upande. Vijana walitoka majini kwa adabu, wakakaa juu ya magunia yao kutazama. Mmoja alituangalia tulivyojipanga na majoho, akauliza, "Na nyie mkishaoshwa mnapelekwa Dar?"

Dada wa matangazo alihangaika kutafuta upande usio na magunia, hakuupata. Kwaya ikaanza wimbo. Mchungaji akaingia, na maji ya Mgeta yalipomfika kiunoni uso wake ulibadilika, kwa sababu maji ya Mgeta si ya Dar. Alimbatiza kijana wa bodaboda, aliyeibuka akipiga ukelele ambao wengine waliusikia kama kunena kwa lugha. Akawabatiza akina mama. Kila aliyeibuka sauti ya mchungaji ilizidi kutetemeka, na maneno yakazidi kufupika.

Mume wangu alibaki wa mwisho. Alisimama ukingoni, joho lake fupi kuliko la wengine kwa kuwa ni mrefu, miguu yake mikavu ya Gairo imeshikilia jiwe. Nilitamani kumwambia tuondoke. Nilitamani kuwaambia watu wote kwamba mtu huyu ameshabatizwa, kwa tone na kwa korongo, mwacheni. Aliniangalia.

"Maji nimeshayavulia nguo," alisema, akaingia.

"Unaamini?" mchungaji alimwuliza, meno yakigongana.

"Naamini. Ila usiniachie."

Mchungaji alianza kwa jina la Baba, akamlaza nyuma. Alipofika kwenye jina la Mwana, mgongo wa mume wangu uligusa maji, na mikono yake ikamkamata mchungaji kiunoni kwa nguvu za mtu aliyebeba magunia maisha yake yote. Chini palikuwa na utelezi wa karoti. Wote wawili wakaenda. Tuliona joho moja limevimba juu ya maji kama mkate wa kumimina, kisha nalo likazama. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nilikuwa tayari ndani ya maji mpaka magotini na viatu vyangu.

Aliibuka mume wangu kwanza. Alisimama, maji yakimtoka puani na masikioni, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainama na kuingiza mikono tena mle ndani, mwenyewe, bila kuambiwa. Akamvuta mchungaji kwa kwapa. Mchungaji alitoka akikohoa, jani la karoti begani, kile kipaza sauti cha sikioni kikimning'inia shingoni, na neno lake la kwanza lilikuwa "Mtakatifu." Vijana wa magunia walipiga makofi.

Hapo ndipo kazi ya wazee wa kanisa ilipoanza. Kabla hata hatujakauka, palepale kwenye magunia, walianza kujadili kama ubatizo umekamilika. Baba alitajwa juu ya maji. Mwana alitajwa usawa wa maji. Roho Mtakatifu, kama alitajwa, alitajwa chini ya maji, na mzee mmoja mwenye msimamo alieleza kwamba mwanzoni mwa dunia Roho alitulia juu ya maji, hakuna andiko linalomweka chini. Mwingine aliuliza swali gumu zaidi: ikiwa mchungaji naye alizama mzima na akainuliwa na mume wangu, je, ni nani aliyembatiza nani? Na ikiwa aliyeinua alikuwa bado hajabatizwa, mchungaji ana hali gani? Mama mwenyekiti wa maji, ambaye alikuwa ameshuka kuhakikisha hatujachafua zaidi ya ruhusa, alisikiliza yote kwa makini. "Dini yenu ina kazi," alisema, akatupa karoti za kuondoka nazo.

Uamuzi ulitoka njiani tukishuka: ubatizo ni halali, na wa mchungaji usihesabiwe.

Ndani ya basi mume wangu alikaa amejifunga kanga zangu mbili, miguu juu ya kiti. Tukaanza kuuona mji chini. Kisha akasema polepole, mimi tu nisikie, "Nilipokuwa chini nilidhani nitamsikia."

Nilijua ni nani. Nilimwuliza kama alimsikia.

"Hapana. Palikuwa kimya tu. Kimya kizuri." Akafikiri. "Siku zote nilidhani aliondoka kwenye kelele."

Nilimshika mkono, ulikuwa bado wa baridi.

Siku mbili tatu baadaye mchungaji alikuja nyumbani alasiri, peke yake, kwa miguu, na viatu vyenye vumbi. Nilidhani amekuja kulalamika, maana video ile ilikuwa imetazamwa kuliko mahubiri yake yote, na mtu mmoja asiyemcha Mungu alikuwa ameiwekea muziki. Alikaa. Nilimpa chai na karanga. Aliizungusha chai ndani ya kikombe muda mrefu.

"Mzee wangu," alimwambia mume wangu, "mimi maji nayaogopa. Tangu utoto. Sijui kuogelea. Chuoni nilikuwa naomba Mungu nisipangiwe kanisa lenye washirika wazito."

Mume wangu alimtazama, uso haukuonyesha kitu. "Na mimi uzito wangu unauona."

"Nimeuona."

Walicheka wote wawili, mchungaji mpaka akaweka kikombe chini. Nilidhani hapo ndipo ataaga. Badala yake alifuta macho, akaegemea mbele. "Yule kaka yako," alisema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilikaa mlangoni nikiwa na sinia mkononi. Mume wangu alianza kwa kusema alikuwa mtundu. Alikuwa anajua kupiga mluzi kwa jani la muhindi. Alimfundisha kupanda punda bila kamba. Alikuwa mwongo sana lakini uongo wa kuchekesha, bibi yao alikuwa anamlipa uongo kwa vipande vya muhogo. Mchungaji hakusema amina hata mara moja. Chai ikapoa, nikabadilisha, ikapoa tena. Binti yetu alirudi kutoka shule akasimama karibu nami, akasikiliza habari za baba mkubwa ambaye hakujua kama alikuwepo.

Somo la maji halikumalizika. Tulikuwa hatujafika kwenye kuwatawadha wanafunzi miguu, wala harusi ya Kana, wala ule mto wa mwisho kabisa unaotoka kwenye kiti cha enzi. Jumapili iliyofuata wageni waliombwa wasimame, mume wangu alianza kunyanyuka kwa mazoea, nikamvuta shati. Kisha mchungaji alipanda madhabahuni, akafungua Biblia, akatangaza somo jipya, nalo ni la moto. Mume wangu aliinuka taratibu, akachukua kofia yake, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango.